Mtihani Uliofungiwa Kabatini

Jumatatu, 10 Julai 2000

Mume wangu Pankrasi ameondoka alfajiri na lori la wanunuzi wa kahawa kwenda Mbinga. Kurudi ni pale msimu utakapompa nafasi. Kaniachia daftari hili la kaunta niandike kazi zinazoingia. Zikiingia nitaandika. Zisipoingia nitaandika mengine, maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana mazungumzo marefu.

Tangu ushirika umpunguze kazini na wenzake, kiinua mgongo chake chote kimegeuka kompyuta, nayo iko hapa mbele yangu. Imetoka Dar, mkono wa pili, pamoja na printa ya kugonga inayolia kama cherehani. Watu wa mtaani walimshauri anunue mashine ya kusaga. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kompyuta, kwa sababu baada ya kidato cha nne nilisomea upigaji chapa miezi tisa, na kwa sababu kuchapa naweza huku Aurelia yuko mgongoni. Kwenye mashine ya kusaga angekula vumbi la pumba na kelele.

Umeme wa mji unaishia kwenye nguzo yetu. Hapa Mshangano nyumba inayofuata wanawasha kibatari.

Alhamisi, 13 Julai

Barua mbili za kuomba kazi na mwaliko mmoja wa kipaimara. Baridi. Vumbi jekundu hadi kwenye uji.

Jumatatu, 17 Julai

Leo kaja Mwalimu Kunegunda. Alinifundisha darasa la tano na bado nikimwona mikono yangu inajificha yenyewe nyuma, kama ana fimbo. Nilimwamkia, nikampa kiti chenye mgongo.

Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba, shule kumi za huku. Mwaka jana mtihani ule ulivuja. Ulichapwa ofisini mjini ambako kila mtu anaingia na kutoka, na siku mbili kabla, watoto wa sokoni walikuwa wanaulizana majibu. Ukafutwa, watoto wakaingia kwenye mtihani wa taifa bila kujaribiwa, na matokeo kila mtu aliyaona. Mwaka huu Mwalimu amewaambia wenzake kwamba anaijua nyumba moja tulivu yenye kompyuta.

Masharti yake aliyataja kwa vidole. Asione mtu, hata mume. Nisinakili kwenye disketi, kwa sababu disketi inaingia mfukoni. Karatasi zilizoandikwa kwa mkono zichomwe siku hiyohiyo zikimaliza kuchapwa, mbele ya macho yetu wawili. Na mashine ikae chini ya ufunguo.

Nilipokubali akaniambia, "Getruda, nimeweka jina langu juu ya jina lako. Likianguka moja, yanaanguka yote mawili."

Jumatano, 19 Julai

Seremala Kajetani kaleta kabati. La mninga, zito, lina kufuli na kitundu kidogo nyuma cha kupitishia nyaya. Boksi lenyewe la kompyuta linakaa ndani. Skrini na kibodi viko nje, mezani. Nikichapa mlango unabaki umefungwa, na ufunguo uko shingoni pamoja na rozari. Boksi nimelifunika na kitambaa alichonifumia mama mkwe, Mama Walburga wa Maposeni, kile kikubwa cha maua ya zambarau, kinashuka hadi chini pande zote. Vumbi halina pa kupita. Limekaa mle kama tabenakulo ya kanisani.

Ijumaa, 28 Julai

Siku nne nimechapa. Hisabati, Lugha, Maarifa, maswali hamsini kila karatasi. Mwalimu anakuja saa nane akitoka shule, anasoma kwenye skrini neno kwa neno, kalamu mdomoni, kisha tunakwenda jikoni. Anatia karatasi kwenye jiko moja moja na kuchokonoa majivu kwa mwiko wangu. Leo ilikuwa zamu ya Maarifa, maharage yakaiva vizuri.

Stensili za kudurufia zitatoka halmashauri tarehe 10 Agosti. Mwalimu kataka iwe hivyo, mtihani usikae kwenye karatasi siku nyingi. Siku hiyo nitapiga stensili, shule watadurufu, na Jumatano ya tarehe 16 watoto watafanya. Mpaka hapo mtihani wote uko mle kabatini, na hauko mahali pengine popote duniani.

Jumatatu, 31 Julai

Imezima.

Nilikuwa nachapa muhtasari wa kikao cha jumuiya. Skrini ikawa buluu yenye maandishi meupe, kisha giza. Umeme upo, taa inawaka. Nikawasha tena. Ikaleta ile picha ya mawingu ya kuanzia, ikaganda. Nikawasha tena. Haikufika hata kwenye mawingu.

Jumanne, 1 Agosti

Saa moja asubuhi, baridi kali: imewaka, imefika mawinguni, imekaa dakika kumi na mbili. Nilikuwa natafuta faili la Hisabati ikazima. Saa tatu: imekaa dakika nne. Saa saba: haikai. Saa kumi: haikai.

Nimeandika saa kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa zahanati kuandika homa ya mtoto. Sijui itanisaidia nini. Aurelia anapiga mlango wa kabati kwa kijiko akiniangalia kama ninayeficha chakula.

Jumatano, 2 Agosti

Vilevile. Asubuhi mawingu, mchana giza. Sasa hata yale mawingu yanakuja na maneno kwamba kuna faili limekosekana.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimemwita fundi. Ningefanya nini?

Ni Bashiru, mtu wa Tunduru, ana kibanda cha redio na video karibu na soko kuu. Alikaa Dar miezi sita kwenye duka la kompyuta, na hapa mjini anayemzidi simjui. Nilijua ana binti anaitwa Asma. Nilipomuuliza yuko darasa la ngapi akajibu la saba. Nikajuta kuuliza.

Boksi sikumruhusu kulichukua kibandani. Sikumruhusu hata kulitoa kabatini. Nilikaa nyuma yake kwenye mkeka, Aurelia mapajani, macho kwenye mikono yake. Akafungua ubavu wa boksi mlemle, kajikunja kama anatafuta kuku chini ya kitanda. Akatoa betri ndogo ya duara, akaionja kwa ulimi, akasema imechoka. Akaianika juani kwenye bati, kama wanavyoanika betri za redio. Tukasubiri saa nzima. Alipoirudisha mashine ikawaka ikisema leo ni tarehe mosi Januari 1980. Mwaka huo mimi nilikuwa bado namsumbua mama yangu. Nikairudishia kitambaa na kufuli, haikupita muda ikazima.

Akasema basi dawa ni kupandisha upya windo, ile programu inayoiendesha mashine. Ana CD yake.

Ijumaa, 4 Agosti

Kupandisha windo ni hivi. Anatia CD, mashine inahesabu asilimia, inatakiwa ifike mia. Akishatia CD mimi narudisha kitambaa na kufunga mlango kwa ufunguo, tunakaa nje tunaangalia skrini kama watu waliofiwa.

Mara ya kwanza ilifika thelathini na nane ikaganda. Mara ya pili sitini na moja. Ya tatu ishirini na mbili. Fundi alijikuna, akasema ugonjwa wa kawaida unakamata mahali pamoja, huu unahamahama. Kisha akaniambia nikiendelea kumfungulia na kumfungia hivi, mwisho atasahau kama yeye ni fundi au ni mahabusu.

Akataja neno kufomati. Nikamwuliza maana yake. Ni kufuta kila kitu, ianze kama siku ya kuzaliwa.

Nilisimama. "Fundi, humo ndani kuna kitu. Kikifutika hakuna pa kukipata. Na siwezi kukuambia ni nini."

"Basi usiniambie, Mama Aurelia," alisema. Akaifunga CD yake kwenye gazeti.

Lakini wiki iliyopita mtaa mzima ulimwona Mwalimu Kunegunda akiingia kwangu kila siku. Hata mbuzi wa jirani anajua.

Jumamosi, 5 Agosti

Pankrasi kapita na lori, kalala siku moja. Nilitaka kupumzika kidogo begani kwake, tukagombana. Alitaka kujua kwa nini fundi asifute tu, tuanze kazi. Nikamwambia kuna kazi ya watu. Kazi gani? Sikumwambia. Akasema kwa hiyo ndani ya nyumba yake, kwenye mashine iliyonunuliwa kwa miaka yake kumi na moja ya ushirika, kuna kitu mwalimu anakijua na yeye hakijui. Nikasema ndiyo.

Hakupaza sauti. Alimbeba Aurelia, akatoka kwenda kuangalia miti ya kahawa ambayo hatuna.

Jumatatu, 7 Agosti

Mwalimu kapita akitoka misa ya asubuhi. Akauliza, "Kazi yangu haijambo?"

Nikamjibu, "Ipo kabatini, Mwalimu."

Si uongo. Lakini mchana chakula changu nilimpa Aurelia.

Kwa nini sikumwambia? Nilihesabu hivi: akijua leo, lazima awaambie kamati. Wataita walimu wa shule kumi watunge upya, na muda hautoshi. Na wa kwanza kuulizwa ni yeye, karatasi ziko wapi? Atasema nilizichoma. Nani atamwamini, baada ya mwaka jana? Bora aamke siku tatu zaidi akiwa na amani. Ndivyo nilivyojiambia. Sasa nikiandika naona nilikuwa naogopa ile sura yake tu.

Jumanne, 8 Agosti

Ni Nanenane, sikukuu. Fundi kafunga kibanda, akaja saa tatu. Alitaka kujaribu mara moja ya mwisho kupandisha windo juu ya lile la zamani, bila kufuta. Nikafungua kabati. Akafungua boksi.

Aurelia aliamka na moto. Nilidhani meno. Saa nne hivi, nikiwa nimemweka begani, akakakamaa. Macho yakageuka meupe. Nimewahi kusikia habari za degedege lakini sikuwa nimeshika mtoto mwenye degedege mikononi.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka fundi alisimama, akachukua kanga iliyokuwa kwenye kamba, akailowesha kwenye ndoo na kunirushia, akaniambia mfunike nayo kifuani ukimbie, zahanati wapo hata sikukuu. Nikakimbia. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye kufuli. Mlango wa kabati wazi, mlango wa nyumba wazi, mtihani wazi.

Njiani nilikumbuka. Nilikuwa nimefika kwenye daraja la mfereji. Ningeweza kurudi, hatua mia mbili tu. Sikupunguza mwendo hata kidogo, na hilo sitaliomba msamaha kwa mtu yeyote.

Walimchoma sindano, wakamfuta kwa maji, wakanikalisha kwenye benchi. Malaria. Kila nusu saa nilimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Saa tisa alikunywa maji, akaomba ndizi. Tukarudi.

Fundi alikuwa amekaa kizingitini, nje, mgongo kwa sebule. Akauliza mtoto kwanza. Kisha akasema imefika mia. Boksi alilitoa kabatini, akaliweka sakafuni, kwa sababu kabati linambana mabega. Imefika mia mara ya kwanza bila kuganda, na hadi sasa inawaka. Akasema mafaili yote yapo, ila hakufungua hata moja.

Nikaingia ndani. Mashine inanguruma katikati ya sakafu, na skrini imefunikwa na kitenge changu cha kuendea kanisani.

Saa tano nzima. Peke yake. Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilisema, mtu anayefunika skrini ndiye anayejua kilichoko chini yake.

Jumatano, 9 Agosti

Jana jioni nililirudisha boksi kabatini, nikalifunika, nikafunga. Leo saa mbili nimewasha. Dakika kumi na tano. Buluu. Giza.

Nilikaa chini nikapigwa na baridi ya hasira. Kwa fundi inawaka, kwangu inakufa. Nilisema huyu kaitegea, nimwite tena na tena, kila akija anaona zaidi. Nilijipangia na maneno ya kumwambia mbele ya wateja wake sokoni. Maneno mabaya, yapo mengine ya kabila lake, siyaandiki.

Aurelia alikuwa amelala, homa imeshuka, lakini mkono wangu umeshazoea. Nampapasa paji, nazunguka chumba, nampapasa tena. Nikafungua kabati nivute nyaya. Kitambaa cha mama mkwe kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi. Nikagusa boksi kwa mgongo wa mkono, vilevile ninavyomgusa mtoto.

Lilikuwa na homa.

Nilirudi kwenye daftari hili. Saa moja asubuhi, baridi, dakika kumi na mbili. Saa tatu, nne. Saa saba, haikai. Fundi alipoliweka sakafuni, siku nzima. Ile mara iliyofika sitini na moja, nikakumbuka, Aurelia alikuwa amebana kijiko kwenye mlango na haukufunga vizuri.

Ni mimi. Nimeifungia ndani ya mninga, nikaivika shuka, nikaziba kila tundu ili asiingie mtu, na hewa nayo haikuingia. Nimekuwa namfunika mgonjwa wa homa blanketi juu ya blanketi, huku namshitaki mganga.

Nililibeba boksi mwenyewe hadi dirishani. Nikaacha lipoe kwa muda wa kupika uji. Nikawasha. Imekaa saa moja. Nikaenda sokoni na mtoto mgongoni. Maneno niliyoyapanga yaligeuka kuwa, kaka Bashiru, naomba uje na brashi. Akaja, akafungua, akatoa vumbi jekundu kwenye feni ndogo ya ndani, la kujaza kisoda. Nilipomweleza habari ya kabati na kitambaa alicheka mpaka akakaa. Akasema alikuwa amekwisha kuwaza majini.

Nami nilicheka. Kisha nikakumbuka kesho ni tarehe 10.

Alhamisi, 10 Agosti

Mwalimu kaja saa nane na stensili zimefungwa kwa khaki. Mashine iko dirishani, uchi, inafanya kazi. Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Tungepiga stensili leo, watoto wangefanya Jumatano, jina lake na langu yangebaki pale yalipo. Nilikuwa na maji ya chai mkononi, nikayaweka chini.

Nikamwambia yote kwa mfululizo. Mashine kufa, uongo wangu wa kabatini, fundi, degedege, mlango wazi, saa tano. Nikamwambia na kwamba fundi ana mtoto darasa la saba.

"Unadhani aliona?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Sikuulizi unajua nini. Nakuuliza unadhani nini."

Nilifikiri kile kitenge juu ya skrini. "Nadhani hakuona. Lakini siwezi kuapa kwa jina lako."

Aliangalia majivu ya jikoni, kana kwamba karatasi zitasimama zenyewe. Nilisubiri aondoke. Badala yake alivua saa, akaiweka mezani, akaniuliza kama ni kweli kwamba kwenye kitu hiki mtu anaweza kubadilisha namba bila kuchapa ukurasa mzima upya. Nikamwambia ni kweli. Tunaweza hata kupandisha swali la tano likawa la arobaini, mengine yakajisogeza.

Hakuamini. Nikamwonyesha. Nilimwona Mwalimu Kunegunda, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, akifungua mdomo kama mtoto.

Akasema tuanze na Hisabati.

Jumamosi, 12 Agosti

Tumemaliza. Siku mbili. Hisabati kila swali lina namba mpya, Mwalimu anakokotoa jibu kwenye kipande cha karatasi, anakichoma. Lugha tumetunga ufahamu mwingine. Maarifa muda haukutosha kutunga, tumevuruga tu mpangilio. Aurelia katambaa chini ya meza muda wote, kaivunja kalamu nyekundu ya Mwalimu na hakupigwa. Stensili zimeondoka saa sita mchana.

Alipokuwa anafunga viatu aliniambia kwamba Jumatatu kamati itaelezwa. Sikumwomba asiseme.

Jumatano, 16 Agosti

Wamefanya. Kutoka kwangu nilisikia kengele ya shule.

Jumamosi, 19 Agosti

Kamati wamemwita fundi. Walimu wanne kwenye meza moja, yeye kwenye kiti cha peke yake. Wamemwuliza kuhusu zile saa tano. Jirani yangu anayefagia pale shule kanisimulia. Anasema fundi alijibu kila swali kwa sauti ya chini, hakukasirika, na mwisho aliomba kujua nani aliyewaambia. Wakamtajia jina langu.

Nimepita kwenye kibanda chake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mteja. Mara ya pili alikuwa peke yake, na mimi ndiye niliyepita moja kwa moja.

Jumanne, 22 Agosti

Cheti kimoja cha ubatizo. Upepo.

Jumamosi, 26 Agosti

Pankrasi karudi kwa siku mbili. Sasa nilikuwa huru kumwambia, nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema angekuwa yeye angenyamaza, na kwamba anafurahi hakuwa yeye. Kisha akalitazama kabati, akaanza kupanga sahani ndani.

Jumatano, 30 Agosti

Matokeo yametoka jana. Leo saa kumi alasiri fundi kabisha hodi. Nyuma yake binti mrefu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, karatasi zimeviringwa mkononi. Nikajua huyu ni Asma.

Nikawakaribisha. Bashiru hakuketi. Alichukua zile karatasi kutoka kwa mtoto, akazinyoosha juu ya meza yangu moja moja, kwa mikono ileile iliyofungua boksi. Hisabati, kumi na moja kwa hamsini. Lugha, ishirini na nane. Maarifa, kumi na tatu.

"Maarifa hamkubadilisha maswali," alisema. "Mmebadilisha mpangilio tu, nimeambiwa. Ningekuwa nimeuona mtihani, Mama Aurelia, mwanangu angekuwa na kumi na tatu?"

Asma alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Nilimwonea uchungu huyu mtoto, ambaye kufeli kwake ndiko kulikomsafisha baba yake, na ameletwa kuonyesha kufeli huko kama cheti.

Nikaanza kusema pole. Akainua mkono.

"Pole sikuifuata. Taifa ni wiki mbili kutoka leo. Wewe maswali haya umeyachapa mara mbili. Mwelekeze alipokosea."

Hapo ndipo nilipotaka ardhi ipasuke. Kwa sababu kuchapa ni vidole. Nilimwambia ukweli, kwamba nimechapa maswali mia moja na hamsini na mengi ya Hisabati mimi mwenyewe nisingeyapata. Kidato cha nne hesabu nilipata sifuri yenye mviringo mzuri. Asma aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Nikavuta kiti cha pili. Nikamkalisha Aurelia kwenye mkeka na mfuniko wa sufuria. Tukaanza pale alipoanza kukosa mfululizo, swali la kumi na mbili. Mafundi wawili wanajenga ukuta kwa siku tisa. Mafundi sita watajenga ukuta huohuo kwa siku ngapi? Asma ameandika ishirini na saba. Nililitazama. Hata mimi ningeandika ishirini na saba.

"Yaani mafundi wakizidi, siku zinaongezeka?" nilimwuliza. Nilikuwa najiuliza mwenyewe.

"Kwa mafundi ninaowajua mimi, ndiyo," baba yake alisema kutoka mlangoni.

Asma akacheka, akaziba mdomo. Nikaleta maharage kwenye bakuli. Nikamwambia kila harage ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja, tuhesabu ukuta mzima. Wawili, siku tisa: tukapanga kumi na nane. Kisha nikamwambia leo wamekuja sita, wagawie. Akagawa safu ya kwanza, sita. Safu ya pili, sita. Ya tatu. Bakuli tupu.

Alizihesabu zile safu kwa kidole, moja, mbili, tatu. Akachukua kifutio, akafuta ishirini na saba taratibu asichane karatasi, akaandika tatu. Halafu akaweka kidole kwenye swali la kumi na tatu, akanisubiri.

Bashiru alikuwa bado amesimama mlangoni. Nilimsukumia kiti chenye mgongo kwa mguu. Akakiangalia. Akaketi.